Pasaka, Hell's Gate na mia tano yangu

Kwenye grupu tulikuwa watu 31. Waliolipa walikuwa 11. Kama umewahi kupanga safari ya wikendi ndefu na marafiki, unajua tayari hii hadithi inaelekea wapi. Lakini wacha niiseme yote, kwa sababu wiki hii inboksi yangu imejaa swali moja tu: Madaraka inaangukia Jumatatu, tunaenda wapi na ni pesa ngapi?

Nitafika huko. Kwanza Pasaka.

Nilichagua Hell's Gate kwa sababu ileile ambayo kila mtu wa rika letu huichagua. Ni karibu, kama kilomita 90 hivi mpaka Naivasha, na ni moja kati ya mbuga chache Kenya ambazo unaruhusiwa kuzunguka kwa miguu au kwa baiskeli. Huhitaji gari la safari. Unapita kando ya pundamilia ukiwa na baiskeli ya kukodi na kandambili, na wao wala hawana habari na wewe. Kwa mtu anayetengeneza video kwa simu, hiyo ni zawadi. Nilikuwa nimeshaandika hadi maneno ya video kichwani: mwamba wa Fischer, twiga, halafu mwisho tunashuka korongoni, kuta pande zote mbili, mwanga unaingia kutoka juu. Mwisho wa video ulikuwa korongo. Kila kitu kingine kilikuwa njia ya kufika hapo.

Kosa la kwanza lilikuwa hesabu. Nilikodi matatu ya watu 14 na kugawa bei kwa 14, kwa sababu watu 14 walikuwa wameandika "niko ndani." Kuandika ni bure, bana. Ijumaa Kuu usiku watatu wakaanza hadithi za mjomba na mazishi, na ile pengo nikaijaza mimi na pesa za kodi ya nyumba.

Kosa la pili ni saa. Tulikubaliana saa kumi na mbili asubuhi. Tuliondoka saa tatu na robo, maana kuna mtu alikuwa anatengenezwa nywele. Sitamtaja, anajijua. Ukiteremka kuelekea Mai Mahiu Jumamosi ya Pasaka saa tatu, umeingia kwenye foleni na nusu ya Nairobi, malori, na mabasi ya watu wanaoenda ushago. Mnakaa hapo mkiangalia bonde lote la Ufa chini yenu, zuri kabisa, na hamsongi. (Na uangalie kalenda ya Safari Rally pia. Mwaka 2024 iliangukia wikendi ya Pasaka yenyewe, na wakati wa ralli Naivasha si ya kwenda bila kujipanga.)

Tulifika langoni saa saba. Hapo ndipo nilikumbuka kwamba mbuga za KWS hazichukui pesa taslimu, unalipa kupitia eCitizen. Nilikuwa nalijua hilo. Nilikuwa hata nimewaambia watu kwenye video zangu! Lakini nilikuwa nimesahau nenosiri la akaunti yangu, bando limeisha, na watu 10 wamesimama nyuma yangu kwenye jua wakinitazama kama mtoto aliyetumwa dukani akapoteza pesa. Saa nzima ikaenda. Halafu maji. Nilikuwa nimenunua katoni mbili za chupa ndogondogo za plastiki, na tangu Juni 2020 chupa hizo haziruhusiwi kwenye mbuga. Zikabaki kwenye matatu. Baiskeli nazo, zilizobaki zilikuwa nne, na mbili hazikuwa na breki za kuaminika. Wengi wetu tukatembea.

Sasa fikiria: mbogi ya watu wenye njaa na kiu, waliolipa, wamekanyaga vumbi, na kitu pekee kilichobaki cha kuwafurahisha ni korongo. Tulifika pale juu karibu saa kumi. Kulikuwa na mawingu upande wa vilima, mbali. Pale tuliposimama jua lilikuwa linawaka, chini kukavu kabisa.

Afande mmoja wa mbuga akatuambia, "Leo hamshuki."

Nikamwambia tumetoka Nairobi. Akasema anajua, kila mtu leo ametoka Nairobi. Nikamwonyesha jua. Akanionyesha vilima. Nyuma yangu watu walianza kunung'unika, na kuna dada mmoja, anafanya kazi kwenye duka la M-Pesa na alikuwa ameomba siku moja ya mapumziko kwa ajili ya hii safari, akasema kwa sauti ya chini, "Basi tulikuja kufanya nini?"

Nikatoa mia tano. Nilikuwa nimeikunja ndogo, nikaiweka mkononi mwake kama navyoona watu wazima wakifanya. Siandiki hii nikijivunia.

Hakunipigia kelele. Alinirudishia noti, akaniuliza, "Mko wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Una namba ya nyumbani kwao? Kila mmoja. Ya mama, ya baba, ya mtu wa kumpigia."

Sikuwa nayo. Hata moja. Watu wawili pale sikujua majina yao mawili. Walikuwa marafiki wa marafiki, kwenye simu yangu mmoja nilimhifadhi kama "Njano WhatsApp" kwa sababu ya picha yake.

Wengi wetu tunajua kilichotokea hapo, ila tunakijua kama habari ya zamani. Aprili 2012 maji yalibeba vijana wa kundi la kanisa waliokuja kutembea kama sisi. Septemba 2019 yakaua tena. Ile mvua si lazima ikunyeshee wewe. Inanyesha kule juu, maji yanakusanyika, na njia yao ya kushuka ni huohuo ufa mwembamba uliosimama ukipiga selfi. Kuta ni ndefu na sehemu za kupandia ni chache. Ukisikia mlio, muda wa kujadiliana umekwisha.

Sikuona maji yakija siku hiyo. Tuligeuka, tukarudi kwa mguu, kwa sababu lango hufungwa saa kumi na mbili jioni. Kwenye matatu hakuna aliyeongea nami mpaka Limuru. Jumapili watu wanne wakataka kurudishiwa pesa. Wawili niliwarudishia, wawili bado nawadai subira. Mmoja aliandika kwenye grupu kwamba nimetupeleka kuangalia vumbi na askari. Video sikuiweka.

Yule dada wa M-Pesa alinitumia ujumbe Jumatatu usiku. Majina yake matatu, halafu namba. "Mama hayuko. Andika ya shosho."

Basi, Madaraka. Mvua bado zipo mwishoni mwa Mei, kwa hivyo siahidi mtu korongo lolote, na ukikuta limefungwa hatuanzi siasa na afande. Nafikiria Ol Donyo Sabuk, pale ng'ambo ya Thika, kwa sababu wikendi kama hii umati mkubwa huelekea Naivasha. Kuna nyati, kwa hivyo tutaulizia mapema kuhusu askari wa kutusindikiza. Malipo nafanya usiku kabla, nikiwa nyumbani, na risiti napiga picha. Maji njoo nayo kwenye chupa yako ya kudumu.

Fomu niliituma jana. Swali la kwanza ni jina lako kamili na namba ya mtu wa nyumbani. Pesa ni swali la nne. Msee mmoja aliuliza kwani tunaenda vita, akatoka kwenye grupu. Waliojaza na kulipa mpaka sasa ni 9. Gari ni la watu 14, bei nimeigawa kwa 9, ukiingia inashuka. Tunaondoka saa kumi na moja na nusu asubuhi, na nywele zitengenezwe Ijumaa.