Damu aliyoiona mjukuu magofuni Kunduchi

Wakazi wengi wa Kinondoni hupita Mtongani kila siku wakielekea Tegeta au Bunju bila kujua kwamba ukikata kwenda upande wa baharini, mwendo mfupi tu wa bajaji, kuna mabaki ya mji wa kale. Ni Magofu ya Kunduchi: msikiti wa mawe ya matumbawe uliojengwa mwishoni mwa karne ya 15, na makaburi ambayo mengi ni ya karne ya 18, pamoja na mibuyu. Si Kilwa, hilo lisemwe mapema. Anayekwenda akitarajia jumba kama Husuni Kubwa atarudi akilalamikia nauli.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Mbezi hakuhitaji Husuni Kubwa. Alifundisha historia sekondari kwa zaidi ya miaka 30, na tangu astaafu amekuwa mtu wa barazani, redio na kahawa. Kisukari anacho mwaka wa 11 sasa. Kliniki walimwambia atembee nusu saa kwa siku, angalau siku tano kwa wiki, naye akaitikia vile wanafunzi wake walivyokuwa wakimwitikia yeye. Bintiye alijua akitaja neno mazoezi mzee atagoma. Akamwambia mjukuu wake wa darasa la nne amepewa kazi ya shule kuhusu miji ya kale. Kazi yenyewe haikuwepo. Jumamosi asubuhi wakaondoka watatu.

Mzee hakutaka mtu wa kuwaongoza. “Nimefundisha haya maisha yangu yote, leo niongozwe?” Akamweleza mtoto kwamba hata Pompeii kule Italia, mji wa Warumi uliofukiwa na majivu ya volkano mwaka 79, wageni wengi huzunguka wenyewe na ramani mkononi. Ramani ya Kunduchi, alisema, iko kichwani mwake.

Na kweli ilikuwemo. Aliwaonyesha makaburi yenye nguzo, ya aina inayoonekana pia Kaole kule Bagamoyo na Gedi nchini Kenya. Akamshika mtoto mkono akamgusisha mashimo ya mviringo kwenye kuta za makaburi. Humo zilipachikwa sahani na bakuli za kaure kutoka China, zilizovuka Bahari ya Hindi hadi pwani hii kwa vyombo vilivyosukumwa na pepo za kaskazi. Nyingi zimebanduliwa, yamebaki matundu.

“Sasa wao walikuwa wanakulia nini?” mtoto akauliza.

“Hizo hazikuwa za kulia ugali. Marehemu alipewa kilicho bora nyumbani. Mama yako hapa mimi mzima hanipi hata vikombe vyake vya wageni.”

Bintiye alicheka. Alikuwa hajamsikia akitania tangu msiba wa baba mkubwa. Mzee akaendelea na chokaa, namna matumbawe yalivyochomwa hadi yakawa unga wa kujengea, akanyoosha kidole upande wa Wazo Hill kwenye kiwanda cha saruji, akasema eneo hili halijawahi kuacha kuchoma mawe. Saa nzima ilipita na hakuna aliyemkumbusha kwamba anatembea.

Walipofika msikitini akavua viatu.

“Baba, hapa hakuna paa wala mkeka. Ni mawe matupu.”

“Msikiti ni msikiti, mwanangu.”

Aliingia pekupeku, akasimama mbele ya kibla, akaeleza kuwa kutoka hapa Makka iko kaskazini karibu moja kwa moja. Mjukuu aliyekuwa nyuma yake ndiye aliyesema: “Babu, unatoka damu.”

Kipande cha chupa kilikuwa kimezama kisiginoni. Alama nyekundu zilimfuata tangu mlangoni. Mzee alitazama chini kama mtu aliyeambiwa kifungo cha shati kimefunguka. Hapo ndipo bintiye alipoogopa. Damu ingemtoka yeyote. Ila mtu aliyekanyaga chupa huruka, hupiga kelele, humtaja mama yake. Baba yake alikuwa bado anaeleza kibla.

Sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu neva, na za miguuni huwa miongoni mwa za kwanza. Wengine huanza kwa kusikia moto au sindano kwenye nyayo, kisha ganzi. Mishipa ya damu nayo ikiziba, kidonda hukosa damu ya kutosha kupona. Msumari au malengelenge ya kiatu kipya hukaa siku kadhaa bila mwenyewe kujua, na mguu unaoishia kukatwa mara nyingi ulianza na kitu kidogo kama hicho.

Mzee alilijua hili kuliko wenzake. Ndani ya bajaji, kisigino kimefungwa kwa mtandio wa bintiye, alikiri kwamba ganzi ilianza tangu mfungo wa mwaka jana. Kandambili ilikuwa ikimvuka njiani na anagundua amefika nyumbani na moja. Hakusema kwa sababu kaka yake, huyo baba mkubwa, alisema. Akaenda hospitali, akakatwa vidole, kisha mguu, kisha wakamzika. Kichwani mwa mzee kilichomuua kaka yake ni kusema. Kwamba kaka huyo alikaa na kidonda miezi minne kabla ya kusema, hilo hakuna aliyewahi kumweleza, maana nyumbani kwao ugonjwa wa mkubwa haujadiliwi.

Kliniki, muuguzi alimwambia afumbe macho, akamgusa nyayo kwa uzi mgumu wa nailoni, aseme anaposikia. Mguu wa kulia aliitika kiasi. Wa kushoto alikaa kimya muda mrefu hadi akauliza kama wameshaanza.

Kidonda kimesafishwa na sasa kinafunga, taratibu. Kila jioni mjukuu hukagua nyayo na katikati ya vidole, hushika kioo kidogo chini ya kisigino ili babu naye aone, na hukung’uta viatu kabla havijavaliwa. Kazi hii ipo kweli, ameandikiwa kwenye daftari. Mzee sasa anaulizia Kaole, anataka kwenda kidonda kikipona. Bintiye amemnunulia viatu vya kufunika na soksi nyeupe jozi sita, za kuvaa hata humo msikitini atakapovua viatu. Mzee analalamika kuwa soksi nyeupe ni za watoto wa shule. Lakini damu huonekana upesi kwenye nyeupe, na nyeusi zote zimeshatolewa kabatini.