Doa Lililojificha Chini ya Hina

Leo tunaandika sisi ndugu wawili, na habari yenyewe ni ya wayo wa mama yetu mdogo.

Mama mdogo kaolewa Geita, mumewe anauza vitambaa kwa wachimba dhahabu. Kila Idi hutia hina na piko mpaka nyayoni, kama alivyolelewa Unguja. Ndiyo maana doa jeusi la kisigino hakulijali, alidhani ni piko lililogoma kutoka. Zahanati moja ikamwambia ni sugu, ikalikwangua. Likapanuka, likaanza kutoa maji.

Kule Shinyanga na Geita ukitaja saratani ya ngozi, watu huwaza ndugu zetu wenye ualbino na jua kali. Hii yake, melanoma, ni nadra, na kwa sisi weusi hupenda nyayo na chini ya kucha, pasipofika jua. Bob Marley ilimwanzia kidole cha mguu, ikamuua 1981 akiwa na miaka 36 tu.

Tukavuka naye kwa pantoni pale Kigongo–Busisi, nguzo za daraja zikiwa bado zinajengwa, hadi Bugando, Mwanza. Jina la ugonjwa tulishalijua. Kilichobaki ni kujua umetembea mpaka wapi.

Kwanza ultrasaundi ya kinena. Hapo mama mdogo alitaka kurudi nyumbani! Akapatikana mtaalamu wa kike, nasi tukashika kanga kama pazia. Akatuonesha kwenye kioo: tezi nzima ni bapa kama haragwe, katikati peupe. Moja yake ilikuwa duara, nyeusi tii.

Kisha CT-Scan ya kifua na tumbo. Dawa ya kung'arisha picha ilipoingia mshipani, joto lilimshuka mpaka akauliza, "Wanangu, nimejikojolea?" Wala. Ndivyo inavyohisiwa.

Usiku ule tulisali sana, huku tukijua picha imeshapigwa na kilichomo kimo. Tukamwambia Mola hivyo hivyo.

Mapafu safi, ini safi. Daktari hakutuficha: mashine haioni chembe ndogo mno, basi usafi wa leo ni wa leo. Kisigino kikakatwa, na tezi za kinena zikatolewa.

Sasa anatembelea mkongojo. Mwezi ujao anarudi kupigwa picha nyingine, halafu ni harusi ya bintiye. Ameshasema hina atatia mikononi tu.