Karata za Kutupa

Katika poka ya aina ya Texas Hold'em, kazi kubwa ni kutupa karata. Kila mchezaji hupewa 2 za siri. Jozi iliyo bora kuliko zote huja kwa wastani mara 1 katika 221, kwa hiyo sisi huzitupa nyingi mapema. Anayeamua mwisho ana faida, maana amekwisha kuwaona wenzake. Mezani pakiwa na 100, mpinzani akiongeza 50, twalipa 50 kuwania jumla ya 200. Nafasi yetu ikipungua robo, twaacha.

Twachezea maharagwe. Jioni moja mwenzetu alileta pesa za masomo ya mdogo wake. Tulimkatalia: aliyeweka pesa za namna hiyo hathubutu kutupa karata mbaya, bali huikimbilia hasara yake. Alinuna, kisha akahesabiwa maharagwe 40 kama sisi sote.