Geti la Lilanga

Tegeta hatuna ukumbi wa maonyesho ya sanaa. Tuna mageti. Ukishuka Kibaoni ukaingia mitaa ya ndani utakuta simba wa bati, tausi wawili wanaotazamana, maua ya chuma kilichokunjwa, herufi za kwanza za jina la mwenye nyumba. Lipo geti moja lenye ramani ya Afrika ambayo Madagaska imeunganishwa na bara kwa kipande cha nondo, maana fundi asingeweza kuiacha inaelea. Yote yana vumbi.

Aliyenifundisha kuyatazama ni mdogo wangu. Ana miaka ishirini na mbili na anachomelea kwenye karakana ya mjomba wetu. Katika daftari lake la vipimo, katikati ya hesabu za skwea paipu na flatibaa, amejaza watu wenye masikio makubwa, midomo minene na matumbo yaliyochomoza. Nilipomuuliza ni akina nani, alinionyesha simu. Ilikuwa picha ya mageti ya Nyumba ya Sanaa, yenye watu wa chuma wa George Lilanga.

Mimi nilisoma hadi chuo kikuu na jina hilo sikuwahi kulisikia darasani hata mara moja. Nyumba ya Sanaa ilianzishwa mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt, mtawa wa Maryknoll kutoka Marekani, ili vijana wenye kipaji wapate mahali pa kufanyia kazi na pa kuuzia. Mwaka huohuo Edward Saidi Tingatinga aliuawa kwa risasi na polisi waliomdhania mwizi, baada ya miaka michache tu ya kuchora kwa rangi za baiskeli kule Oysterbay. Jengo la Nyumba ya Sanaa, pale Upanga, Mwalimu Nyerere alilifungua mwaka 1983. Ndani yake watu walichonga, walifinyanga, walitengeneza batiki, walichapa picha kwa sahani za chuma. Lilanga, Mmakonde kutoka kusini, anasimuliwa kuwa aliingia pale kama mlinzi, kwa msaada wa mjomba wake Augustino Malaba aliyekuwa msanii palepale. Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington. Alifariki mwaka 2005, na leo picha zake zimo kwenye mkusanyiko wa Jean Pigozzi kule Geneva. Jengo lenyewe limebomolewa. Mimi naona mambo yalikuwa mepesi kueleza: kiwanja kile, katikati ya jiji, kilikuja kuwa na bei kuliko kila kilichotengenezwa juu yake.

Mdogo wangu habari za viwanja hazimshughulishi. Anaikuza ile picha kwenye simu mpaka inapasuka vipande, anatafuta maungio. Anataka kujua kama wale watu ndio wanaobeba uzito wa geti au wamebandikwa tu juu ya fremu. Kwake hilo ndilo swali la sanaa. Kama wamebandikwa, anasema, basi ni pambo. Kama wanabeba, ukimwondoa mmoja geti linalegea.

Jumamosi moja tulikwenda Nafasi Art Space, Mikocheni. Daladala hadi Mwenge, foleni ya barabara ya Bagamoyo kama kawaida, kisha bajaji. Nafasi ipo tangu mwaka 2008, na wasanii wake wengi wanafanyia kazi ndani ya makontena ya mizigo yaliyogeuzwa studio. Kulikuwa na maonyesho, watu wa mjini wamevaa vizuri, wanasogea mbele ya picha na kurudi nyuma. Yeye alisimama muda mrefu nje ya kontena, akipitisha kidole kwenye ukingo wa dirisha lililokatwa. "Huyu alikata vizuri," akasema. Nilicheka. Baadaye nikaona kwamba katika watu wote waliofika siku ile, labda ni yeye peke yake aliyeitazama ile nyumba kama kazi ya mikono ya mtu.

Tangu siku hiyo anataka kuomba nafasi ya kusoma pale, maana wana chuo chao. Nyumbani maneno yameanza. Mama hana ugomvi na kuchora. Ugomvi wake ni wa hesabu. "Mwanangu, geti watu wanalipia. Picha watu wanasifia." Mjomba anasema karakana haiwezi kumngoja kijana anayepotea siku nzima barabarani. Na nauli atatoa nani? Wananitazama mimi, mwenye mshahara.

Sebuleni kwetu, juu ya televisheni, imetundikwa batiki ya wanawake watatu wenye mitungi. Mama alizawadiwa na wenzake wa ofisini Posta alipoolewa. Waliinunua Nyumba ya Sanaa. Tumehama nyumba tatu na kila mara ndiyo inayofungwa kwanza, ndani ya mashuka, ikabebwa mkononi. Nilimkumbusha hilo jioni moja, na akanijibu kwamba ile ni zawadi, siyo kazi. Nikanyamaza. Nauli ya miezi mitatu nimeshaitenga, lakini bado sijamwambia.

Wakati huo mwalimu mmoja mstaafu wa Salasala ameagiza geti, na amekubali liwe na watu. Sharti lake moja: wasifanane na mashetani, maana jumuiya husali kwake kwa zamu. Mdogo wangu akapunguza masikio kidogo, matumbo akayaacha. Watu wako saba, wameshikana mikono na miguu kutoka bawaba hadi komeo, na fremu haina nondo hata moja katikati. Mjomba alililalia kwa uzito wake wote kulijaribu. Halikulegea. Mama amesema atapita karakana kuliona likishapigwa rangi, siyo kabla. Ile nyekundu ya kuzuia kutu imeshakauka.