Ukungu wa Miguuni



Leo tuzungumze habari za miguu. Labda mmoja wenu atauliza: "Karani wa parokia ana nini na miguu ya watu?" Kweli, kazi yangu ni vitabu vya ubatizo na ndoa. Lakini kila mwaka kabla ya Alhamisi Kuu ni mimi niandikaye majina ya wale 12 watakaooshwa miguu na Padre, na kila mwaka wako wanaokataa. Mzee mmoja, Mkristo hodari asiyekosa Misa, aliniambia polepole: "Mwanangu, jina langu liruke. Miguu yangu inanuka, Padre hawezi kuishika." Tazameni basi! Mtu mwema anajitenga na wenzake kwa ajili ya ugonjwa unaotibika.

Jueni kwanza kwamba ugonjwa huu si laana, wala hukukanyaga uchawi njiani. Ni ukungu, ndugu yake ule uotao juu ya mkate uliofunikwa siku nyingi. Hospitalini huitwa fangasi. Hupenda mambo matatu: joto, giza na majimaji. Mtu avaaye mabuti ya mpira tangu alfajiri mpaka jioni ameujengea nyumba.

Mara nyingi huanza kati ya kidole kidogo na jirani yake, maana hapo vidole vimebanana. Ngozi huwa nyeupe na laini kama iliyolowekwa, huwasha, hubambuka, kisha hupasuka. Na wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Vijidudu vingine hupenya katika ufa huo, na mguu huweza kuvimba, kuwa wa moto na kuuma. Aonaye hivyo asingoje kesho, aende zahanati. Mwenye kisukari aende hata kama kidonda ni kidogo sana.

Je, tuukinge namna gani? Osha miguu kila siku kwa maji na sabuni, kisha ikaushe, hasa katikati ya vidole. Wengi huosha vizuri, halafu huvaa viatu miguu ikiwa mibichi. Hapo kazi yote imepotea. Mabuti na viatu vianikwe juani, soksi zifuliwe na kubadilishwa kila siku. Ukiwa nyumbani vaa kandambili au katambuga, vidole vipate hewa. Wala msiazimane viatu, soksi wala taulo, hata kama ni ndugu wa tumbo moja, kwa kuwa ukungu huhama pamoja navyo.

Aliyekwisha kuupata asitie mafuta ya taa wala maji ya betri. Hayo huunguza ngozi. Aulize dukani kwa mwuza dawa mafuta ya klotrimazoli. Hupakwa mara mbili kwa siku juu ya ngozi safi iliyokauka, kwa muda wa wiki kadhaa. Muwasho ukiisha upesi, usiache dawa. Endelea wiki mbili zaidi, maana mizizi ya ukungu ingali imebaki. Jihadharini na mafuta yenye steroidi, ambayo wengine huyatumia kujichubua: hutuliza muwasho, kumbe ukungu unazidi kuenea. Kucha zikiwa nene na za manjano, mwone mganga wa zahanati, kwani kucha huhitaji dawa ya miezi mingi. Na baka lisilowasha wala kusikia ukiligusa si la kupakwa dawa ya dukani. Huenda likawa ukoma, nao pia hupona kwa dawa. Nenda upimwe.

Akina baba na akina mama, jioni ya leo kabla ya sala waiteni watoto, mtazame vidole vyao kimoja kimoja. Msimcheke mwenye harufu, wala msimkemee. Mleteeni maji, sabuni na kitambaa kikavu. Bwana wetu mwenyewe aliinama akaosha miguu ya rafiki zake. Nasi tusione haya kuinama mbele ya watoto wetu.