Nyaya za Meno si za Watoto Peke Yao

Jino linapouma, watu wengi huwa na shauri moja tu: ling'olewe. Maumivu huisha, mtu hupata usingizi, na jambo hilo huhesabiwa kuwa limekwisha. Lakini kinywa hakikubali pengo. Jino lililoondoka huacha nafasi, na majirani zake, wakikosa pa kuegemea, huanza kuinama taratibu kuielekea nafasi hiyo. Lile la taya la juu, lililokuwa likikutana nalo wakati wa kutafuna, nalo hushuka kidogo kidogo likimtafuta mwenzake asiyekuwapo. Kazi hiyo huchukua miaka, wala haina kelele, na ndiyo sababu mwenye kinywa huwa wa mwisho kuitambua.

Hayo ndiyo yaliyompata mama mmoja wa Gatumba, mke wa askari na mchuuzi wa vitenge katika mji huo mdogo wa bonde la Rusizi, kwenye barabara itokayo Bujumbura kwenda Uvira. Aling'olewa gego la chini la kulia akiwa na umri wa miaka 12, na la kushoto akiwa na miaka 17. Alipofikisha miaka 34 alikuwa akitafuna kwa upande mmoja tu. Chakula kilikwama mahali ambapo mswaki haukufika, fizi zilivimba na kutoa damu, na asubuhi aliamka taya likimuuma hadi sikioni. Nyama aliwaachia watoto akisema ameshiba. Maharagwe aliyameza bila kuyatafuna sawasawa. Vidonge vya kutuliza maumivu havikukosekana katika mkoba wake.

Mwaka 2019 alikwenda kwa daktari wa meno mjini Bujumbura, akiwa tayari kung'olewa jino la tatu. Daktari alimpiga picha ya eksirei, akamwonyesha magego yake ya chini yalivyolala ubavu kama miti ya kando ya mto baada ya mafuriko, kisha akakataa kung'oa. Alimweleza kwamba jino lenyewe ni zima, ila halikai mahali pake. Kwa kuinama kwake limefanya mfuko kati yake na ufizi, na katika mfuko huo uchafu hujificha na kuula mfupa unaolishikilia. Likiachwa litalegea lenyewe, na baada yake jirani yake. Hivyo basi, kwanza fizi zisafishwe zipone, kwani haifai kulisukuma jino ndani ya ufizi mgonjwa. Kisha afungwe nyaya za kuyasimamisha magego. Na mwisho mapengo yajazwe meno ya bandia. Kazi yote ingechukua miaka miwili hivi.

Yule mama aliuliza swali ambalo wengi wangeliuliza: je, meno ya mtu mzima hayajakwisha kukaza kama nguzo ndani ya saruji? La, hayakukaza. Jino halikugandishwa katika mfupa. Limeshikwa na nyuzi nyembamba sana zinazolizunguka mzizi wake. Likisukumwa kwa nguvu ndogo isiyokoma, chembe hai za mwili huula mfupa ulio upande linakoelekea, na chembe nyingine hujenga mfupa mpya upande linakotoka. Kazi hiyo haikomi mtu anapokuwa mzima. Huenda polepole zaidi tu. Nguvu kubwa haiiharakishi, bali huweza kuidhuru mizizi. Ndiyo maana mgonjwa huitwa kila baada ya wiki 4 hadi 6, nyaya zikakazwa kidogo, kisha akarudishwa nyumbani kungoja.

Elimu hii si ya jana. Pierre Fauchard, daktari wa meno wa Ufaransa, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1728 utepe wa chuma uliofungwa kwenye meno ili kuyanyoosha. Huko Marekani, Edward Angle alifungua shule ya kufundisha kazi hiyo mwaka 1900. Katika Afrika Mashariki, Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha madaktari wa meno mwaka 1974. Hata hivyo wataalamu bado ni wachache. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani za kati ya miaka 2014 na 2019, kanda yake ya Afrika ilikuwa na madaktari wa meno wapatao 3.3 tu kwa kila watu 100,000, yaani kama sehemu moja ya kumi ya wastani wa dunia. Si ajabu basi kwamba kung'oa, ambako humalizika kwa dakika chache, kumekuwa ndiyo dawa ya kwanza na ya mwisho.

Nyaya zilipofungwa, maumivu ya siku za mwanzo hayakumshinda yule mama. Alisukutua kwa maji vuguvugu yenye chumvi, akabandika nta mahali palipokwaruza shavu, akala ugali laini, ndizi na sombe. Kilichomshinda ni maneno. Sokoni waliuliza kama amekuwa mwanafunzi tena. Nyumbani mama mkwe alinyamaza wiki nzima, kisha akasema lililokuwa moyoni mwake: "Mkwe wangu, mume wako yuko Somalia. Unajipambia nani?"

Neno hilo lilikuwa zito. Burundi ilipeleka askari wake Somalia tangu Desemba 2007 chini ya Umoja wa Afrika, na kwa miaka mingi nyumba za aina hiyo zilikuwa nyingi: baba yuko mbali, mama analea, na macho ya ukoo na ya majirani yanahesabu kila kitenge kipya. Tena fedha zilizolipia nyaya zilitoka katika akiba ya kujenga ukuta wa nyumba. Mama mkwe hakuwa mtu mbaya. Yeye mwenyewe alikuwa amepoteza magego yake yote, akaamini kwamba kula kwa taabu ni sehemu ya uzee, na kwamba mwanamke mwenye heshima huvumilia. Yule mama hakumjibu kwa ukali. "Mama, sijipambi, najitibu," alisema, akamfungulia kinywa na kumwonyesha ufizi uliovimba.

Aprili 2020 mto Rusizi ulipasua kingo zake na maji yakaingia Gatumba. Maelfu ya watu walihama, wengi wakahifadhiwa katika kambi. Yule mama, watoto wake na mama mkwe walipata hifadhi kwa ndugu huko Buyenzi, mjini Bujumbura, wote katika chumba kimoja. Marobota ya vitenge yaliloa. Ule ukuta ulioanza kujengwa ulianguka. Zamu mbili za daktari zikapita bila yeye kwenda, na waya mmoja uliochomoka ukawa unamchoma shavu.

Hapo aliamua kuzing'oa nyaya zote. Hesabu yake ilikuwa sahihi kwa mtu asiye na paa: fedha zilizosalia zitalipa kodi ya nyumba. Alipofika kwa daktari aliambiwa ukweli bila kupambwa. Meno yaliyo njiani, mfupa wake haujaimarika. Yakiachiliwa sasa yatarudi yalikotoka, na huenda yakalegea kuliko zamani. Kazi ya namna hii ikianzwa haina budi kumalizwa, la sivyo ni afadhali isingelianzwa. Daktari alikata ile ncha ya waya, akakubali kulipwa kwa mafungu, akampa siku ya kurudi.

Jioni ile mumewe alipiga simu, akaelezwa yote. Alikaa kimya, kisha akasema: "Mama watoto, ukuta tutaujenga tena. Taya halina mahali linapouzwa." Baadaye aliomba kuzungumza na mama yake. Waliyoyazungumza hayakusikika, lakini tangu siku ile mama mkwe aliyaacha maharagwe jikoni saa moja zaidi, mpaka yalainike, na aliyeuliza habari za nyaya alijibiwa na yeye kwanza: "Ni matibabu."

Nyaya zilitolewa mwanzoni mwa mwaka 2022. Magego yalikuwa yamesimama, mapengo yakajazwa, na yule mama akatafuna pande zote mbili kwa mara ya kwanza tangu utoto wake. Bado huvaa kishikizo usiku, kwa kuwa meno yaliyohamishwa hupenda kurudi kwao, na daktari amemshauri asikiache.

Wasomaji walio katika hali kama yake na wayapime mambo matatu kabla ya kuanza. La kwanza, fizi zitibiwe kwanza. La pili, gharama yote iulizwe tangu mwanzo, pamoja na ya kishikizo na ya meno ya bandia, na bima iulizwe inalipia nini. La tatu, askari anayetazamia kuhamishwa kituo, au mke atakayemfuata, amwambie daktari mapema, ili kazi ipangwe kulingana na safari. Wakati wa nyaya, muwa, mahindi ya kuchoma na mifupa viwekwe kando, na mswaki utumike kila baada ya mlo, kwani uchafu hukwama kwenye waya na kuoza jino lililo zima.

Lakini somo kubwa liko kwa wazazi. Gego la kwanza la kudumu huota mtoto akiwa na umri wa miaka 6 hivi, nyuma ya meno yake ya utoto, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Kwa sababu hiyo wazazi wengi hudhani ni jino la utoto, na likitoboka huacha liharibike wakisema litaota jingine. Haliotei jingine. Ndilo lile lile aliloling'olewa yule mama akiwa na miaka 12. Bintiye alipofika miaka 9 lake likaanza kutoboka, na bibi yake ndiye aliyemshika mkono kumpeleka kwa daktari. Tundu lilizibwa siku hiyo hiyo, na jino likabaki mahali pake.