Samaki wa Luama, Samaki wa Brussels

Bahari ilifika Kasongo, mashariki ya Kongo, ikiwa makombe matupu. Enzi za mfanyabiashara Tippu Tip na mwanawe Sefu, kabla majeshi ya Mbelgiji Dhanis hayajauteka mji mwezi wa Aprili 1893, misafara ya pwani ilileta simbi, shanga, na vile visahani vyeupe vilivyokatwa kutoka kwenye konokono wa baharini, ambavyo Wanyamwezi huviita vibangwa na ambavyo wakubwa wa bara walivivaa kwa fahari. Nilipokuwa mtoto, miaka ya 1950, simbi zilikuwa bado zimo ndani ya vikapu vya wazee wetu. Tulizichezea. Sikumbuki hata mtu mmoja aliyeuliza ni mnyama gani aliyekaa humo ndani.

Mimi nilikutana na wanyama hao Brussels, tena wale wasio na kombe kabisa. Lakini siwezi kueleza niliyoyaona kule bila kumtaja kwanza Tate, mama yake mama yangu, Mbangubangu wa Kabambare, ambaye hakuwahi kuiona bahari.

Kila kiangazi, maji yanapopungua, wanawake wa kijiji chake walikuwa wakiziba kijito kimoja kinachoingia mto Luama, kwa matope na matawi. Utupa, mmea wa kulevya samaki, walikuwa wameupanda wenyewe nyuma ya majiko. Majani yalitwangwa katika kinu chake maalumu, kile kisichotwangiwa sombe wala muhogo, kisha yakatiwa vikapuni na kutikiswa majini. Baada ya muda samaki walianza kupanda juu wakitweta, wadogo kwanza, kambale wa mwisho kabisa, na watoto tukaingia na vikapu kwa makelele. Wabelgiji walikataza uvuvi wa sumu. Kapita wa kijiji alikijua vizuri kikatazo hicho, na jioni alikula samaki pamoja nasi.

Tate hakuanza kamwe kijitoni. Alichota maji katika sufuria, akatia kisamaki kimoja na konzi ya majani yaliyotwangwa, kisha akaanza kumenya muhogo. Kisamaki kikilala ubavu kabla hajaumaliza muhogo huo, majani yanafaa. Kikiendelea kuogelea, aliagiza yaletwe ya kichaka kingine. Wakati ule niliona ni tabia ya bibi kizee.

Nilipewa nafasi ya kusoma Ubelgiji katikati ya miaka ya 1970. Nchi yetu ilikuwa imekwisha kuitwa Zaire, na jina langu la ubatizo nilikuwa nimeliacha kama ilivyoamriwa mwaka 1972. Katika Université Libre de Bruxelles walikuwapo wanakemia waliochunguza wanyama wa baharini: Bernard Tursch, Jean-Claude Braekman, Désiré Daloze na wenzao. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa chini kabisa, wa kuosha vyombo vya kioo na kupima uzito, lakini macho hayakuzuiliwa. Kwenye rafu kulikuwa na mitungi ya matumbawe laini yaliyolowekwa ndani ya alkoholi, mengine yametoka Papua New Guinea, kwenye kisiwa cha Laing, ambako Léopold III alikuwa amesaidia kuanzisha kituo cha utafiti. Ndiyo, Léopold yuleyule aliyetawala tangu 1934 hadi 1951, ambaye baba yangu alimlipia kodi kwa kulima pamba. Baada ya kuacha kiti cha enzi aligeuka kuwa msafiri na mpenda viumbe. Dunia ina vituko.

Swali la watu wale lilinipendeza kwa sababu lilikuwa swali la mtu wa kijijini. Mnyama huyu hana gamba, hana miiba, hana miguu ya kukimbilia. Amekaa mwambani mchana kutwa, na samaki wenye njaa wanapita mbele yake. Kwa nini haliwi? Lazima ana kitu mwilini. Walikuwa wameliuliza hata kwa kijidudu chekundu chenye madoadoa meusi, kile kinachotambaa kwenye majani: kikishikwa hutoa tone la manjano miguuni, na sisimizi hukiacha. Ndani ya tone hilo walipata alkaloidi, wakaiita koksinelini, mwaka 1971.

Kazi yenyewe ilikuwa ya subira kuliko akili. Tumbawe hukatwakatwa, hulowekwa, maji yake hukaushwa mpaka yabaki masalio mazito ya rangi ya kahawia yanayonuka vibaya. Masalio hayo humiminwa juu ya bomba refu la kioo lililojazwa unga wa silika, na yale yaliyochanganyika huanza kuachana, moja linashuka haraka, jingine linajivuta. Unaanza na kilo, unamaliza na vumbi lisilofunika kucha. Mara nyingi mashine ya rezonansi ya sumaku inakwambia kwamba kitu hicho mwingine alikwisha kukitaja.

Ila kabla ya kuhangaika na bomba, walitaka kujua kama masalio yana nguvu yoyote. Basi walichukua glasi ya maji, wakatia samaki wadogo wa kufugwa, aina ya Lebistes, wakadondosha masalio kidogo, wakatazama saa. Siku ya kwanza nilipoona kisamaki kinalala ubavu nilicheka kwa sauti, na wenzangu wakadhani ni ukatili. Nikawaeleza habari za sufuria na muhogo. Mmoja akaniuliza majani gani. Kesho yake alikuja na kitabu: Tephrosia vogelii. Ndani ya majani yake mna rotenoni, iliyopewa jina hilo na Mjapani Nagai mwaka 1902 baada ya kuitoa kwenye mmea mwingine wa sumu ya samaki, wa Asia. Inapita kwenye matamvua ya samaki na kuzuia seli zake zisitumie hewa. Tumboni mwa mtu hupita kidogo sana, na moto wa jikoni huidhoofisha, ndiyo maana sote tulikula tukalala salama.

Kisha akanionyesha jambo lililonistaajabisha zaidi. Huko Guam, katika Bahari ya Pasifiki, watu walikuwa wakiponda jongoo bahari, mnyama yuleyule ambaye Waswahili wa Unguja na Mafia walizoea kumkausha na kumuuza Uchina, na kumtia kwenye madimbwi ya mwambani ili samaki walewe. Yaani utupa wao ulikuwa mnyama! Ross Nigrelli wa New York aliipa sumu hiyo jina la holothurini, na mwaka 1952 akaandika kwamba ilipunguza ukuaji wa uvimbe wa saratani kwa panya. Ni saponini, hutoa povu kama sabuni, na hupasua chembe nyekundu za damu. Ndiyo maana haikuwa dawa ya kumdunga mgonjwa.

Kemikali nyingine za baharini zilifika hadi kuwa dawa. Bergmann na Feeney mwaka 1951 walitaja vitu vigeni katika sifongo wa Florida, navyo vikawapa wanakemia mfano wa kutengeneza sitarabini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1969 na ambayo hadi leo hutibu saratani ya damu. Konokono asiye na kombe la nje, Dolabella, aliyeokotwa Mauritius mwaka 1972 na kundi la George Pettit, alitoa dolastatini, lakini dawa ya saratani iliyojengwa juu yake iliidhinishwa mwaka 2011. Hesabu mwenyewe. Na mwaka 2004 ikaidhinishwa zikonotidi, dawa ya maumivu makali inayodungwa kwenye maji ya uti wa mgongo, mfano wake ukiwa sumu ya konokono Conus magus. Jamii ya Conus ndiyo hiyohiyo iliyokatwa ikawa vibangwa. Wakubwa wetu walivaa nyumba ya mwuaji, naye mwenyewe alibaki pwani.

Nimewasikia vijana wakisema wazee wetu walikwisha kujua yote, Wazungu wakaiba. Wizi upo, siubishi. Lakini Tate hakujua rotenoni, wala hakuhitaji. Na Nagai hakujua kichaka kipi nyuma ya jiko la Kabambare kina nguvu mwezi wa saba. Ukiniuliza nani alikuwa mtafiti, nitakwambia yeyote anayejaribu kwanza kwenye sufuria.

Nilirudi nikafundisha kemia sekondari, Kasongo, kuanzia miaka ya 1980. Kabati la maabara lilikuwa na mende tu. Nikawaambia wanafunzi walete utupa na visamaki vya mashamba ya mpunga. Chupa moja ilibaki dirishani siku kadhaa, na kisamaki kilichotiwa humo kikaogelea mpaka kengele ikalia. Walibishana sana. Mwishowe wakagawa maji yaleyale mara mbili, nusu kabatini, nusu juani. Ya kabatini iliua, ya juani haikuua, na kabla sijasema lolote juu ya mwanga kuivunja rotenoni, walikuwa wameshaandika wenyewe.

Baada ya hapo, mwaka hata mwaka, wanafunzi walileta kila kitu: mizizi, viwavi, uyoga, hata vyura. Visamaki vingi vilipona. Ganda moja la mti, lililoletwa na kijana wa upande wa Samba, liliua haraka kuliko utupa, na hakuna kati yetu aliyejua jina la mti huo kwa kitabu. Tulikausha majani na maua, tukayabana kwenye magazeti, tukampa dereva wa lori aliyekuwa akielekea Bukavu ayafikishe Lwiro, kwenye kituo cha utafiti. Hiyo ilikuwa mwaka 1996, vita vikiwa mlangoni. Kijana yule sasa ni muuguzi Kindu. Akinipigia simu husalimia, huulizia magoti yangu, kisha huuliza kama Lwiro wamejibu.